Gongoni: chungu cha choroko na tumbo la mwanangu

Tuliteremka stesheni ya Tabora asubuhi, mimi na mwanangu wa miaka minne, tukiwa na vumbi la reli ya kati nywele mpaka viatu. Ni kilomita kama 840 kutoka Dar es Salaam, na mtoto alikuwa amefurahia kila daraja na kila stesheni. Jambo moja tu lilinikosesha raha. Alikuwa hajapata choo siku ya tatu, na hiyo haikuwa mara ya kwanza mwaka huo.

Mzazi mwenye mtoto wa namna hii ananielewa. Mtoto anakwenda chooni anakunja uso, anatoka analia, kesho anaogopa hata kujaribu. Chakula anakisukuma kando. Nilikuwa nimeshampa papai, maji na mafuta ya kila aina niliyoshauriwa na majirani. Safari hii nilikuwa na silaha mpya kwenye begi: kopo la maziwa ya unga nililonunua dukani kabla ya safari, limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba lina "prebiotiki". Bei yake sikumwambia baba mtoto.

Kwa mama mkwe ni Gongoni, moja ya kata za zamani katikati ya mji. Mgeni akisikia majina ya kata za Tabora anaweza kudhani amekosea treni. Kuna Ng'ambo na Kidongo Chekundu, kama Unguja. Kuna Mtendeni, mahali pa mtende. Gongoni nyingine iko pwani ya Kenya, kaskazini mwa Malindi. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na watu wa pwani walikuja na lugha yao, dini yao, wali wao na maembe yao. Burton na Speke walipofika Novemba 1857, mahali hapa pakiitwa Kazeh, walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wameshajenga nyumba na kupanda bustani.

Mama mkwe alitupokea kwa "Mwangaluka!" na mtoto akajificha nyuma yangu. "Mume wangu amekonda," akasema bibi, maana kwa mjukuu wa kiume utani ndio huo. Nikamweleza habari ya choo. Nikatoa kopo.

Akaligeuza mkononi, akalisogeza mbali na macho ili asome. "Hili lina nini?"

Nikasema lina chakula cha bakteria wazuri wanaokaa tumboni.

"Na choroko zina nini?"

Sikuwa na jibu. Akaliweka kopo juu ya kabati, akaenda kuangalia chungu chake.

Swali lile ndilo lililonifanya nianze kusoma kwenye simu usiku ule, mtoto akiwa amelala. Nakueleza nilichokielewa, kwa lugha ya nyumbani.

Neno prebiotiki lilianza kutumiwa mwaka 1995 na wataalamu wawili, Glenn Gibson wa Uingereza na Marcel Roberfroid wa Ubelgiji. Usilichanganye na probiotiki. Probiotiki ni vijidudu hai vyenyewe, kama vilivyomo kwenye baadhi ya maziwa ya mtindi. Prebiotiki ni chakula cha vijidudu ambavyo tayari tunavyo tumboni. Sisi wenyewe hatuwezi kukimeng'enya; kinapita tu mpaka kiwafikie wenyewe.

Chakula hicho kwa sehemu kubwa ni sukari za aina fulani, ziitwazo oligosakaridi. Nikiwa Tabora mfano ulinijia wenyewe. Fikiria msafara wa wapagazi waliofungana kwa kamba. Sukari ya mezani ni wapagazi wawili tu. Wanga wa ugali ni msafara mrefu wa mamia na maelfu. Oligosakaridi ni kikundi kidogo, watatu mpaka kumi hivi. Tumbo letu lina visu vya kukata kamba za wanga na za sukari ya mezani, lakini kamba za kikundi hiki kidogo ni za fundo jingine, na kisu chake hatukuzaliwa nacho.

Misafara ya zamani ilikuwa ikitozwa hongo na kila mtemi njiani. (Siku hizo hongo ilikuwa ushuru halali, watu wanalipana mchana kweupe.) Kikundi chetu kinapita mdomoni, tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kulipa hongo kwa mtu. Kinafika kizima kwenye utumbo mpana, na hapo ndipo penye soko. Bakteria wanakishambulia, wanakichachua, na kutokana na kazi hiyo wanatoa asidi laini. Moja inaitwa butireti, na ndiyo chakula kikuu cha ngozi ya ndani ya utumbo mpana. Asidi hizo pia zinafanya mahali pale pasiwe pazuri kwa bakteria wengi wakorofi, na zinasaidia mwili kunyonya baadhi ya madini. Bakteria wenyewe wanaongezeka, choo kinapata ujazo na unyevu, kinashuka kwa urahisi.

Kitu kingine wanachotoa ni gesi.

Hapo kwenye gesi nilisimama kusoma, nikamtazama mtoto. Miezi kadhaa nyuma alikuwa amerudi kutoka shule ya awali akilia. Watoto wenzake walimcheka darasani kwa sababu alijamba. Mimi nikafanya nilichoona ni akili: nikayaondoa maharage mezani. Kunde nazo nikaziondoa, na choroko. Kitunguu nikapunguza kwa sababu alikuwa anakitoa kwa kidole. Tukabaki na wali mweupe, chipsi, soseji, mkate na juisi ya paketi. Choo kigumu kilianza muda si mrefu baada ya hapo, na mimi sikuunganisha mambo hayo mawili mpaka nilipokaa kwenye mkeka Gongoni saa tano za usiku.

Maana sukari zenyewe ziko humo humo nilimoziondoa. Maharage, kunde, choroko, dengu, mbaazi, njugu mawe: zote zina rafinozi na stakiozi, ambazo ni oligosakaridi za jamii ya kunde. Kitunguu maji na kitunguu saumu vina aina nyingine, fruktani, na saumu inazidi kwa mbali. Ngano inazo kiasi, na ndizi kidogo. Nilikuwa nimelipa pesa nyingi kwa kopo ili nirudishe nilichokitoa mwenyewe kwenye sahani.

Asubuhi nilikwenda sokoni na mama mkwe nikiwa na macho mapya. Maharage mengi yanashuka na njia ya Kigoma, vitunguu vinatoka Singida, na choroko na njugu mawe ni za hapa hapa. Mama mkwe hanunui bila kutia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. Alinunua pia nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na vipande vya viazi vitamu.

Viazi hivyo ni habari yao wenyewe, na mzazi wa mjini anafaa kuvijua. Mwezi wa sita na wa saba, baada ya mavuno, ukipita vijiji vya Unyamwezi utaona vimeanikwa juani kila mahali. Vikikatwa vibichi na kukaushwa ni michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kukaushwa, ni matobolwa. Matobolwa yanatafunwa makavu kama pipi, au yanapikwa tena kwa karanga. Mtoto wangu aliyajaza mfukoni siku nzima. Hapa niwe mkweli: kiazi si bingwa wa oligosakaridi. Faida yake inapitia mlango wa jirani. Kiazi kikipikwa kisha kikapoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa mgumu kumeng'enywa, nao unafika utumbo mpana na kuliwa na bakteria wale wale. Na kama ni kitafunwa cha safari au cha shule, matobolwa yanadumu kuliko biskuti na hayana sukari ya kuongezwa.

Sasa tuingie jikoni, maana hapa ndipo mama mkwe alinizidi kabisa.

Choroko na kunde analoweka usiku kucha. Asubuhi anamwaga maji yale nje, anaosha, anaweka maji mapya. Nilimuuliza kwa nini. "Maji ya kwanza yana upepo," akasema. Ndivyo ilivyo. Sukari zile zinayeyuka majini, na sehemu yake inatoka na maji yanayomwagwa. Si zote, zinazobaki zinatosha kuwalisha bakteria bila kumfanya mtoto ajae tumbo kama ngoma. Ukiacha choroko zichipue ndipo upike, sukari hizo hupungua zaidi, kwa sababu mbegu yenyewe inazitumia kama akiba ya kuotea. Kwa hiyo mtoto ambaye hajazoea unaweza kumwanzia na choroko zilizochipua, kisha zilizolowekwa, ukipanda naye taratibu.

Taratibu ndilo neno. Nilitaka kumpa mtoto bakuli zima siku ya kwanza. Bibi yake akampa vijiko viwili vya choroko, zilizopondwa, zenye kitunguu na karanga juu ya ugali. Kesho yake vitatu. Bakteria wa tumboni wanahitaji muda kuongezeka na kuzoea kazi. Ukiwamwagia gunia wakati wako wachache, mtoto ataumwa tumbo na wewe utasema maharage hayamfai. Pia maji ya kunywa lazima yaongezeke pamoja na chakula cha namna hii.

Siku ya tatu jioni mtoto alitoka chooni anakimbia, akatangaza matokeo kwa nyumba nzima na kwa jirani aliyekuwa anapita. Sitaandika alichosema.

Sisemi kwamba choroko ni dawa ya kila kitu. Mambo mengi yanayouzwa kwa jina la afya ya tumbo yana maneno kuliko ushahidi. Kuhusu choo lakini ushahidi upo: mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba inulini, fruktani inayotolewa kwenye mzizi wa mmea uitwao chikori, inasaidia mtu apate choo mara kwa mara, kwa kiasi cha gramu 12 kwa siku. Makopo mengi yenye neno prebiotiki hutumia hiyo, au nyingine inayotengenezwa kutokana na sukari ya miwa au ya maziwa.

Karibu na kwetu kuna utafiti ulionigusa zaidi. Ulifanyika kusini mwa pwani ya Kenya kwa watoto wachanga 155, wa miezi sita na nusu mpaka tisa na nusu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Watoto walikula uji wa mahindi kwa miezi minne. Kundi moja uji wao uliongezwa miligramu 5 za madini ya chuma, kwa sababu ya upungufu wa damu. Chuma kinasaidia damu, lakini kina tabia ya kuwanenepesha bakteria wabaya tumboni na kupunguza wazuri. Kundi jingine lilipewa chuma hicho hicho pamoja na gramu 7.5 za oligosakaridi, na kwa hao madhara yale yalipungua. Oligosakaridi hizo zilikuwa za kutokana na maziwa, si za kunde, kwa hiyo usikimbilie kumpa mtoto wa miezi saba kilo ya maharage. Kilichonigusa ni kuona watafiti wanahangaikia bakteria wa mtoto anayekula uji kama wa kwetu.

Na kaskazini mashariki mwa Tabora, bonde la Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, ambao matumbo yao yamechunguzwa na wanasayansi kuliko ya watu wengi duniani. Wanaoishi kwa uwindaji bado wanakula mizizi ya porini, ubuyu, matunda, nyama na asali. Utafiti uliotoka mwaka 2017 ulionyesha kwamba bakteria wao wanabadilika na msimu: wengine wanatoweka, kisha chakula kikibadilika wanarudi. Mimi nilifarijika. Kama bakteria wa Mhadzabe wanaweza kurudi na mvua, wa mwanangu wanaweza kurudi na choroko.

Mchana mmoja tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi; Livingstone akabaki mpaka Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Ni nyumba ya udongo yenye kuta nene na milango ya kuchongwa, na siku hizi ni makumbusho. Njiani iko miembe mikubwa, ile ambayo watu wanasema inafuata njia ya zamani ya misafara. Mwezi wa sita haina matunda, ina kivuli tu. Mtoto alitaka kujua waliobeba pembe za ndovu walikula nini. Nikamwambia mpagazi alipewa posho, kwa kawaida kibaba cha nafaka kwa siku, au kipande cha kitambaa anunulie chakula njiani. "Na choroko?" Nikasema labda na choroko.

Chini ya mwembe nilifikiria wale watu, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea miezi mitatu kwenda pwani na mzigo begani. Wengine walikwenda kwa ujira, wengine kwa minyororo. Kuharisha kuliua wengi kwenye njia hii, na Livingstone mwenyewe alikufa Mei 1873 akiwa na ugonjwa wa tumbo uliomtesa muda mrefu.

Jioni tukiwa tumerudi, nyumbani palitokea ubishi, na safari hii bibi ndiye aliyeshindwa.

Tabora ni mkoa wa asali. Mwezi wa sita na wa saba asali ya miombo inaingia mjini kwa madumu, nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi na maua. Wifi yangu alikuwa na mtoto wa miezi miwili. Mama mkwe akachovya kidole kwenye bakuli, akamsogelea mchanga amlambishe, kama alivyofanya kwa wanawe wote. Nikamshika mkono.

Asali haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria anayesababisha ugonjwa wa botulizimu. Tumbo la mkubwa linazimudu, la mchanga haliwezi, na sumu yake inalegeza misuli mpaka ya kupumua. Haijalishi asali ni safi kiasi gani. Mama mkwe alininyamazia muda mrefu, nikajua nimevuka mpaka. Kisha akauliza, "Kwa hiyo bakteria wazuri wa huyu wanakula nini?"

Hilo nilikuwa na jibu lake. Maziwa ya mama yana oligosakaridi zake mwenyewe, aina zaidi ya 150, na kwa wingi ni kitu cha tatu baada ya lakitozi na mafuta, ukiacha maji. Mtoto hazimeng'enyi hata kidogo. Mwili wa mama unatengeneza chakula kwa ajili ya bakteria wa mtoto, bila kopo na bila bei. Ndiyo sababu moja ya kunyonyesha maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza. Mama asiyeweza kunyonyesha, kwa sababu ya ugonjwa au nyingine, asione haya. Azungumze na mhudumu wa afya juu ya maziwa mbadala, na hapo ndipo makopo yana kazi yake.

Wifi akacheka, akamweka mtoto titini. Bibi akalamba kidole chake mwenyewe.

Kabla sijasahau, mambo mawili ambayo daktari angetaka niyaseme. Mtoto mwenye choo chenye damu, tumbo lililovimba na kukaza, kutapika, homa au kupungua uzito, mpeleke hospitali. Usimsubirishe kwa kunde. Na wapo watoto na watu wazima ambao matumbo yao hayapatani na vitunguu na maharage hata wakianza kidogo kidogo. Wasilazimishwe.

Tulikaa Gongoni wiki mbili. Siku ya kuondoka mama mkwe alitufungia kilo tatu za choroko, mfuko wa matobolwa na chupa ya asali ya mjukuu wa miaka minne, siyo ya mwingine yeyote. Kopo lilibaki juu ya kabati. Nilimwambia atumie kwenye chai, akasema ataona.

Treni ilipopita Manyoni usiku, mtoto alijamba mbele ya abiria sita. Kimya kikaingia. Akainua kichwa, akawaambia bila haya, "Bibi amesema ni bakteria wanafanya kazi." Mzee aliyekaa dirishani akacheka mpaka akakohoa, kisha akaomba tobolwa moja.